Mwizi Aliyebeba Betri

Kilichoibwa hakikuwa kikubwa kuliko sanduku la viatu vya buti, lakini Mwenye Duka alikuwa ameketi chini kwenye zulia kana kwamba maiti imetoka chumbani humo dakika tano zilizopita.

"Kilikuwa hapa," alisema, akionyesha meza tupu. "Jana alasiri kilikuwa hapa, taa yake ya buluu inawaka. Leo saa tatu nafungua, hakipo."

Inspekta alisimama mlangoni bila kuingia. Ndivyo alivyozoea: kukitazama chumba kwanza, kabla chumba hakijamzoea. Wenzake kituoni waliyaita madaha. Yeye alisema adui wa kwanza wa ushahidi ni miguu ya askari.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vyombo vya muziki. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilivikwa mapazia mazito, zulia lilikuwa nene la kumeza visigino, na spika mbili zenye kimo cha mtu zilitazamana na viti vinne. Ukisema neno humo ndani linakufia mdomoni.

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta. "Maana kweli sijui. Redio yangu ya jikoni nimeufunga mfuniko wa betri kwa mpira."

"Ni kigeuzi, Inspekta. Muziki wa siku hizi umehifadhiwa kwa tarakimu. Kompyuta inatoa tarakimu, lakini spika hazili tarakimu, zinakula umeme. Kigeuzi kinakaa katikati, kinazigeuza tarakimu kuwa sauti."

"Kompyuta zenyewe hazina?"

"Zinavyo. Hata simu yako inacho."

"Sasa hiki kilikuwa na nini cha zaidi?"

Mwenye Duka alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanajenga nyumba ilhali miti ina vivuli.

"Hiki kinaimba," alisema.

Koplo, mtu mzima ambaye tumbo lake lilitangulia kila mahali na haraka yake ilibaki nyuma, alikuwa amekwisha kuukagua mlango. Kufuli zima. Kitasa kizima. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Funguo ziko ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tatu. Mimi, Fundi wangu, na Mzee Sikio."

"Mzee Sikio ni nani?"

"Mrekodi sauti mstaafu wa redio. Ndiye mwalimu wetu sote. Kila Alhamisi alasiri tunakutana hapa watu wanne: mimi, yeye, Fundi, na Daktari wa Meno. Tunalinganisha vigeuzi. Tunacheza wimbo kwa hiki, kisha kwa kile, kila mmoja anaandika alichosikia kwenye daftari. Kilichoibwa ni cha Daktari. Alituachia mwezi mzima tukipime na vingine."

Inspekta alivua viatu, akaingia kwa soksi. Akapiga magoti mezani, akainamisha kichwa hadi shavu likagusa zulia. Kutoka mezani hadi mlangoni kulikuwa na mistari miwili myembamba, sambamba, imelaza nyuzi za zulia.

"Magurudumu," alisema. "Koplo, piga picha, upime upana."

Chini ya meza palikuwa na alama ya mstatili isiyo na vumbi.

"Hapa palikaa nini?"

"Betri ya akiba. Umeme ukikatika, yenyewe inashika."

"Ina uzito gani?"

"Kilo kumi na mbili hivi."

"Ni ya bei kubwa?"

"Aa wapi! Nimezijaza hapo mbele dukani, mpya, ndani ya makasha yake."

"Kuna iliyoguswa huko mbele?"

"Hata moja."

Inspekta aliandika katika kijitabu chake: *Betri. Kwa nini?* Akapigia mstari mara mbili. Juu ya meza kulibaki karatasi moja tu, imebandikwa kwa gundi, maandishi makubwa ya hasira: USIZIME. DAKTARI.

Mwenye karatasi alifika kabla Koplo hajamaliza kupaka unga wa alama za vidole. Alikuwa bado na koti jeupe.

"Ni yule Fundi," alisema Daktari, hata salamu hakutoa. "Sihitaji upelelezi. Ana ufunguo, ndiye aliyefunga jana, na Alhamisi amenitukana mbele za watu."

"Alisema nini?"

"Alisema kigeuzi changu ni mbwembwe ndani ya sanduku la alumini. Kwamba kikipimwa sawasawa hakishindi kile cha bei ya chakula cha mchana."

"Hilo ni tusi kwako. Wizi uko wapi?"

"Mtu anayedharau kitu hashindwi kukiiba."

Inspekta alikuwa amewakamata wezi kwa miaka kumi na tisa, na wengi wao walikuwa wameiba vitu walivyovitamani hadi kukosa usingizi. Hakusema hivyo. Alimshukuru Daktari akavaa viatu vyake.

*

Mkuu wa Kituo hakuwa na muda wa mistari ya zulia. Alama za vidole za Fundi zilijaa mezani, kama ilivyotazamiwa. Ufunguo anao. Ugomvi ulikuwapo. Saa saba mchana Fundi alikuwa amekwisha kuvuliwa mkanda na kamba za viatu, yuko mahabusu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu alisema, akifunga jalada. "Jumatatu saa mbili asubuhi hili linakwenda kwa mwendesha mashtaka."

"Jumatatu saa mbili huyu Fundi, binti wa watu, anaanza kazi, afande. Hifadhi ya sauti ya redio. Barua ya ajira inataka mtu asiye na kesi."

"Nani kakwambia?"

"Mama yake. Yuko pale kwenye benchi."

Alikuwapo kweli, mama mwembamba mwenye mfuko wa nguo safi mapajani, anafuma kitambaa kwa sindano moja. Hakulia wala hakuuliza. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua macho, kisha akarudi kwenye uzi wake. Inspekta angependelea apige kelele. Kelele amezizoea.

"Basi una hadi Jumatatu saa mbili," alisema Mkuu.

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba au minane, vidole vina makovu madogo ya moto wa risasi ya kuunganishia nyaya, na macho ya mtu aliyekwisha kukasirika hadi hasira ikatulia.

"Ulifunga saa ngapi jana?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Kigeuzi kilikuwapo?"

"Kilikuwapo, kinawaka."

"Ulikiacha kinawaka?"

"Kwa amri. Zamani nilikuwa nakizima kila jioni. Daktari akaja juu, akabandika ile karatasi. Nikasema haya, umeme si wangu."

"Kwa nini hakitaki kizimwe?"

Fundi aliguna. "Wanaamini kikipoa kinaharibika sauti. Wanasema kinahitaji siku mbili kupata joto ndipo kiimbe. Nimekipima kwa mita kikiwa baridi, nimekipima kikiwa moto. Hakuna tofauti. Lakini nani amsikilize mtu wa mita?"

Inspekta aliinua kalamu.

"Mwizi amebeba na betri. Kilo kumi na mbili. Mtu wa kuuza angechukua mpya dukani. Kwa nini achukue ile?"

Binti alimkodolea macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alicheka, akaziba mdomo kwa aibu ya kucheka mahabusu.

"Jamani! Kaichomoa plagi ukutani, betri ikawa inakishikilia. Amekibeba kikiwa kinawaka, ili kisipoe njiani!"

"Wewe ungefanya hivyo?"

"Mimi? Ningekizima, nikakitia kwenye mfuko wa sokoni."

"Betri ile inadumu muda gani?"

"Saa nzima, ikizidi."

"Nani wanaoamini habari hii ya joto?"

Kicheko kilimfutika Fundi usoni. Alifikiri, na Inspekta akaona jibu linamfikia kabla hajalisema.

"Daktari," alisema polepole. "Mwenye Duka."

"Na?"

"Inspekta, huyo alinifundisha kushika waya. Barua yangu ya sifa ya hii kazi mpya kaiandika yeye. Usinifanye nimtaje."

"Sijakuomba umtaje," alisema Inspekta. "Rudi ukapumzike."

*

Daktari hakuwa na ufunguo, na Ijumaa jioni alikuwa na mgonjwa kitini hadi saa mbili, kisha mwingine aliyevimba shavu. Mwenye Duka alikuwa harusini kwa shemeji yake tangu saa kumi hadi asubuhi, na kila picha iliyopigwa huko alikuwamo, akila. Tena mtu mwenye gari la mizigo kama yeye haburuzi vitu kwa magurudumu membamba.

Akabaki mmoja. Lakini kubaki peke yako si ushahidi, na Inspekta hakupenda kwenda kubisha kwa mzee wa watu akiwa na hisabu ya kutoa tu. Alitaka kujua sababu. Akachukua daftari la kusikilizia, akaomba chai, akaanza kusoma.

Aliona vituko. Watu wazima, wenye familia zao, wameandika kurasa nzima kuhusu sanduku moja na jingine. Daktari alisikia "giza safi nyuma ya ngoma". Mwenye Duka alisikia "besi yenye mabega". Fundi aliandika kila wiki maneno yaleyale: *Sauti hazijasawazishwa kwa mita. Ulinganisho haufai.* Chini yake kila wiki Mzee Sikio alimjibu kwa kalamu ya wino: *Mita ni ya wasio na masikio.*

Mzee mwenyewe aliandika kama mshairi aliyelipwa kwa ukurasa. Vigeuzi vyake vilikuwa na asali iliyochujwa, hariri, moshi, alfajiri. Hadi Alhamisi iliyopita.

Alhamisi hiyo, kwenye safu ya kilichochezwa, ameandika: *Jaribio la maikrofoni. Mama watoto.* Na kwenye safu ya maoni, ambapo kwa kawaida angejaza nusu ukurasa, palikuwa na maneno mawili tu.

*Amevuta pumzi.*

Inspekta aliacha chai ipoe. Alitoka nje hadi kwenye benchi.

"Mama, unamfahamu mke wa huyu wanayemwita Mzee Sikio?"

"Nani asiyemfahamu?" Mama Fundi aliteremsha sindano. "Ndiye aliyekuwa akisoma hadithi za watoto redioni. Miaka zaidi ya ishirini. Huyu mwanangu hakuwa akilala bila sauti yake, mpaka baba yake akawa na wivu. Alitutoka mwaka wa tatu huu."

"Mumewe ndiye aliyekuwa akimrekodi?"

"Kila siku ya Mungu. Walikuwa wakienda kazini wameshikana mikono, watu wakiwacheka." Alimtazama Inspekta usoni. "Mbona unaniuliza habari za marehemu? Mwanangu anatoka lini?"

"Nafanya kila niwezalo, mama."

"Najua. Ndiyo maana sijapiga kelele."

*

Jumapili saa nne asubuhi, wakiwa na hati ya upekuzi ambayo hakimu aliitia saini sebuleni kwake akiwa na kandambili, walikwenda watatu: Inspekta, Koplo, na Fundi, ambaye kisheria alikuwa bado mtuhumiwa aliyechukuliwa kwenda kutambua mali. Mkoba wake wa vifaa ulikuwa kwa Koplo.

Nyumba ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka dukani. Kibarazani kulikuwa na kikapu cha sokoni chenye magurudumu mawili. Koplo alitoa futi yake, akainama kwa shida, akapima. Akainua kidole gumba.

Mzee Sikio alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa mrefu, amenyooka, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Macho yake yalipita kwa Inspekta, kwa Koplo, yakafika kwa Fundi na viatu vyake visivyo na kamba. Hapo yakashindwa kuendelea.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba. Karibuni. Nilijua mtakuja, nilidhani mtakuja na wanaume wengi."

"Wa nini? Hutupigi."

Sebule ilikuwa safi ya mtu mmoja: kiti kimoja kilichobonyea na kimoja kisichokaliwa. Katikati ya spika mbili ndogo kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Inspekta alisogea, akaweka kiganja juu ya kitambaa. Palikuwa na joto, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo.

"Mzee, nikifunua hapa nitaona nini?"

"Utaona ninachokifahamu na wewe unachokifahamu." Aliketi. "Funua tu, mwanangu. Nimechoka kukifunika."

Fundi alichutama, akasoma nambari iliyochongwa nyuma, akailinganisha na risiti aliyoitoa Daktari. "Ndicho," alisema. Sauti yake ilikwaruza.

Inspekta alitoa onyo la kisheria kama inavyotakiwa, neno kwa neno. Mzee aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Ulikichukua lini?"

"Ijumaa. Saa kumi na mbili, baada ya Fundi kufunga."

"Kwa ufunguo wako?"

"Kwa ufunguo wangu, kwa kikapu changu. Betri chini, yeye juu."

"Ulitaka kukiuza?"

"Kumuuza nani!" Alikasirika kweli, mara moja tu. "Nilitaka siku mbili. Jumapili jioni ningekirudisha."

"Siku mbili za kufanya nini?"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Unajua kazi yangu ilikuwa nini, Inspekta? Enzi za kanda, msomaji akivuta pumzi, ile pumzi inakatwa. Ilikuwa sheria ya redio, wasikilizaji wasisikie mtu anahema. Nilikuwa na wembe. Nakata kipande kidogo cha kanda, naunganisha, nakitupa kwenye kapu. Miaka ishirini na mbili nimezikata pumzi za mke wangu. Jioni nazizoa na taka. Sasa amekufa. Nina hadithi zake zaidi ya elfu. Hazina hata pumzi moja. Anasoma kama mtu ambaye hajawahi kuwa na mapafu."

Koplo alivua kofia, akaishika.

"Mwezi jana nimekuta kanda moja ya majaribio. Haikukatwa, nikaihamishia kwenye kompyuta. Anajaribu maikrofoni: moja, mbili, tatu, unanisikia? Kisha ananiambia nikafunge dirisha. Nimeisikiliza hapa nyumbani wiki mbili. Maneno tu. Alhamisi nikaipeleka dukani, tukaicheza kwenye kigeuzi cha Daktari, na kabla hajasema 'wewe, funga dirisha,' akavuta pumzi. Nilimsikia. Yuko hai, yuko mbele yangu, anakasirika. Nikaenda nyumbani nikajua sitaweza." Alifuta uso. "Ndiyo hivyo tu. Nimekiiba kigeuzi ili nimsikie mke wangu akihema."

Inspekta aliandika sentensi hiyo katika kijitabu chake.

"Na huyu?" aliuliza, akimwonyesha Fundi. "Ulijua amekamatwa?"

"Jana mchana Mwenye Duka alinipigia simu."

"Ulijua kesho anaanza kazi?"

"Nilijua."

"Ukafanya nini?"

"Nikaisikiliza tena," alisema Mzee Sikio.

Kisha Fundi akainuka, akamwomba Koplo mkoba wake.

"Mwalimu, kigeuzi chako cha zamani kiko wapi?"

"Kabatini."

Alikitoa. Kilikuwa kitu cha plastiki, kidogo kama kipande cha sabuni. Akakiunganisha kwenye amplifaya, akatoa mita, akacheza mlio mmoja mrefu usio na ladha kwa kigeuzi kimoja, kisha kwa kingine. Aliandika nambari mbili.

"Kitufe cha sauti unakiweka wapi?"

"Hapo kwenye alama ya penseli. Mama watoto ndiye aliyeichora. Hakupenda kelele."

"Hukuwahi kupita hapo?"

"Nipite vipi? Ni alama yake."

Fundi alipumua kwa nguvu. "Cha Daktari kinatoa sauti kubwa kuliko chako. Desibeli mbili na nusu, kitufe kikiwa palepale. Masikio ya binadamu yana ugonjwa mmoja, Inspekta: kilichozidi sauti kidogo tu, yanakiita kizuri. Nimesema hilo kila Alhamisi. Mwalimu, geuka utazame ukuta."

Mzee aligeuza kiti. Fundi alikisogeza kitufe kidogo, kikapita alama ya penseli kwa unene wa ukucha, akakagua mita hadi nambari zikalingana. Akacheza kanda.

*Moja, mbili, tatu. Unanisikia?* Sauti ya mwanamke, ya ucheshi na uchovu wa mchana. Kisha pumzi, fupi, ya mtu anayejiandaa kugomba. *Wewe, funga dirisha, nguo zinalowa!*

"Hicho cha kwanza," alisema Fundi. Akabadilisha waya, akarudisha kitufe mahali pake, akacheza tena. Ikaja pumzi ileile. Akarudia hadi zikatimia mara sita, kwa mpangilio aliojua yeye peke yake.

"Kipi ni cha Daktari?"

"Sijui," alisema mzee, akiutazama ukuta. "Sijui, mwanangu. Amevuta pumzi mara zote."

"Mara ya kwanza, ya tatu na ya nne ilikuwa sabuni yako hii."

Alilia bila kugeuka, na walimwacha alie.

*

Kituoni, Inspekta aliandika maelezo ya onyo kwa mkono wake, kisha akayasoma kwa sauti kama sheria inavyodai. Mzee Sikio alisikiliza amefumba macho. Daktari alikuwa amekwisha kuarifiwa kwa simu. Aliuliza kwanza kama kigeuzi hakikupoa, kisha akasema kuhusu mashtaka atafikiri. Inspekta alimjibu kwamba afikiri atakavyo, jalada lina njia yake.

"'...nilikichukua kigeuzi hicho,'" Inspekta alisoma, "'kwa sababu kilikuwa na sauti bora kuliko changu.' Hapo unathibitisha?"

"Hapana. Pafute."

"Ndivyo ulivyosema mwenyewe asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa sijapimwa. Andika: nilikichukua kwa sababu nilikuwa mbishi. Binti huyu aliniambia miaka mitatu tupime kwa mita, nikamcheka mbele za watu. Ningemsikiliza hata Alhamisi moja, ningeenda nyumbani nikageuza kitufe." Alifumbua macho. "Halafu andika kwamba nilimwacha alale mahabusu kwa ajili ya kitu nilichokuwa nacho kabatini. Hilo uliandike kwa herufi zinazosomeka. Usilifiche kwenye habari za mke wangu."

Inspekta alifuta, akaandika. Mzee alisoma kila mstari kwa kidole, akatia saini.

Pale kaunta, Fundi alikuwa amepewa mkanda, simu, na barua yenye mhuri wa kituo ikisema hana kesi yoyote ya kujibu. Mkuu wa Kituo alikuwa ameitia saini bila kumtazama mtu. Fundi aliinama anafunga kamba za viatu wakati Koplo alipompitisha mzee kuelekea mahabusu.

Mzee Sikio alisimama. "Mwanangu."

Fundi alimaliza fundo la kwanza, akamaliza la pili, ndipo akainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Hiyo nimekupa kwa sababu ya umri wako. Mengine nipe muda."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaingia. Fundi aliichukua barua yake, akamshika mama yake mkono, wakatoka nje kwenda nyumbani kupiga nguo pasi.